Siku Tatu za Wafu Mjini Oaxaca: Kilichostahili Fedha Yetu na Kisichostahili

Huduma ninayoitathmini hapa ni ziara ya siku tatu, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi tarehe 2 Novemba, inayouzwa na kampuni ndogo ya utalii mjini Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kwa wageni wanaotaka kuona namna wenyeji wanavyoadhimisha Siku ya Wafu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili dhidi yake na sipendi neno la mteja mmoja ligeuke hukumu. Kampuni za aina hii zipo nyingi mjini humo, zinauza takriban mambo yale yale kwa utaratibu ule ule, na msomaji anayefikiria safari kama hiyo atayatambua nitakayoyaeleza hata akikutana nayo chini ya jina jingine. Tulilipa peso 6,800 kwa kila mtu, nusu yake miezi mitatu kabla, bila malazi. Tulikuwa wawili: mimi, niliyezaliwa Tanga na ninayeishi Houston, na mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 71, aliyekuja kunitembelea kutoka nyumbani, na ambaye mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo.

Namtaja mama mkubwa mapema kwa sababu bila yeye tathmini hii ingekuwa nyingine. Mimi nilikwenda kutazama sherehe. Nilikuwa nimezizoea picha za mifupa inayocheza na nyuso zilizopakwa rangi, na nilidhani tunakwenda kwenye kanivali. Yeye, nilipomweleza kwamba watu wa huko huwapikia marehemu wao na kuwaandalia meza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wakishamaliza, chakula hicho anakula nani?" Sikuwa na jibu. Tulilipata siku ya pili.

Asubuhi ya kwanza tulikutana na mwongozaji wetu, kijana wa miaka thelathini na ushei, mbele ya kanisa la Santo Domingo, na kabla hatujapiga hatua alitumia robo saa kuzitoa vichwani mwetu dhana tulizokuja nazo. Gwaride kubwa la Jiji la Meksiko, ambalo wengi wetu tulikuwa tumeliona kwenye televisheni, alisema ni jambo lililoanza mwaka 2016 tu, baada ya filamu ya James Bond ya mwaka uliotangulia kuonyesha gwaride ambalo halikuwapo. Yule bibi wa mifupa mwenye kofia pana, anayeitwa Catrina, alitokana na mchoro wa José Guadalupe Posada wa mwanzoni mwa karne ya 20, uliowakejeli watu waliokana asili yao ya kienyeji na kujifanya Wazungu. Mavazi yake marefu tunayoyafahamu leo aliyapata kwa Diego Rivera, katika mchoro wa ukutani wa mwaka 1947. Ukiondoa hayo, alisema, kinachobaki ni nyumba, soko na makaburi. Tarehe 1 Novemba kwa kawaida ni ya watoto waliofariki, na tarehe 2 ni ya watu wazima, ingawa kila kijiji kina saa zake na desturi zake. Ni sikukuu za Kikatoliki za Watakatifu Wote na za Marehemu Wote zilizoletwa na Wahispania, zikakaa juu ya ibada za wenyeji zilizokuwapo kabla ya meli zao. UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Hayo yote aliyasema bila kusoma mahali popote, kwa Kiingereza kizuri na kwa utulivu, na nilianza kuamini kwamba fedha yetu imefika mikono salama.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye soko kuu la Central de Abastos, na hapa ndipo ziara hii inapostahili sifa kubwa kuliko mahali pengine popote isipokuwa mahali pamoja. Badala ya kutuzungusha kama watazamaji, mwongozaji alimpa kila mmoja wetu kikapu na orodha fupi ya vitu vilivyotakiwa katika nyumba tutakayoitembelea kesho yake: mimi nilipangiwa mishumaa na chokoleti, mama mkubwa maua na vya kufukiza. Jambo hilo dogo lilibadilisha sokoni kote. Mtu anayenunua haulizwi amekuja kufanya nini, na muuzaji humtazama machoni. Maua yalikuwa yamerundikwa hadi njia zikaziba: cempasúchil, ua lenye rangi ya chungwa lililokolea, ambalo jina lake kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, lina maana ya ua la ishirini, yaani lenye petali nyingi, na jingine jekundu lililojikunja kama kishungi cha jogoo, ambalo wenyeji nao huliita kishungi cha jogoo. Inasemekana rangi na harufu ya cempasúchil ndiyo inayowaongoza marehemu hadi mlangoni, na ndiyo maana watu humwaga petali zake njiani kuanzia barabarani hadi mezani.

Kwenye vya kufukiza mama mkubwa alikaa muda mrefu. Kitu chenyewe kinaitwa copal, gundi ya mti inayouzwa kwa vipande na kuchomwa juu ya makaa katika chetezo cha udongo, na moshi wake una ukali zaidi kidogo kuliko ubani wetu, wenye harufu kama ya limau na msonobari. Alichukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii si sandarusi?" Haikuwa, kwa maana ya mti, kwa kuwa mti wa kwao ni mwingine, lakini alikuwa amekaribia kuliko alivyojua. Sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima na kusafirishwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19 iliuzwa Ulaya na Marekani kwa jina hilo hilo la copal, na neno lenyewe lilitoka hapa Meksiko, kwa Wanahuatl waliosema copalli. Wafanyabiashara walilichukua jina kutoka upande huu wa dunia wakalibandika kwenye gundi ya pwani yetu. Nilipomfasiria mwongozaji, aliniomba nirudie ili aandike, na jambo hilo pia naliweka katika hesabu ya mambo mema: mwongoza watalii anayeandika alichoambiwa na mteja hapatikani kila siku.

Tulinunua pia mkate. Oaxaca hutumia mkate wa mayai, laini na wa manjano, na kwa siku hizi waokaji huupachika uso mdogo wa mtu uliopakwa rangi, ambao hauliwi. Chokoleti nilisagiwa mbele ya macho yangu, kakao pamoja na sukari, lozi na mdalasini, ikatoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto. Panzi wa kukaanga, wanaoitwa chapulines, waliuzwa kwa vipimo kama dagaa, wakiwa wametiwa chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Wenzetu katika kundi, wengi wao wakiwa Wamarekani, walipigana picha wakiwashika kwa ncha za vidole. Mama mkubwa, ambaye aliwahi kuishi Bukoba miaka ya sabini, alikula kiganja kizima na kutoa uamuzi kwamba senene wana mafuta zaidi, ila hawa wana ladha.

Chakula cha mchana ndicho kilichozaa lalamiko langu la kwanza. Kampuni ilituma fomu ya maswali wiki mbili kabla, na katika nafasi ya maelezo ya chakula niliandika wazi kwamba sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe na hatunywi pombe. Kuhusu pombe walitimiza: kila mahali ambapo mezcal ilitolewa, nayo hutolewa karibu kila mahali, sisi tuliletewa chokoleti ya moto au maji ya matunda bila kuomba. Kuhusu nguruwe walielewa nyama tu. Tulipofika katika soko la 20 de Noviembre tuliagiziwa tlayuda, mkate mpana na mkavu wa mahindi uliopakwa maharage, ukawekwa jibini na kuokwa juu ya makaa, na tukaambiwa kwa furaha kwamba wetu hauna nyama. Ulikuwa na kitu kingine. Kabla ya maharage, tlayuda hupakwa asiento, ambayo ni mafuta ya nguruwe yenye mabaki ya kukaangia, na bila hayo watu wa Oaxaca wengi hawaihesabu kuwa tlayuda. Niligundua kwa bahati, kwa sababu nilimwuliza mpishi ile rangi ya kahawia ilikuwa ya nini. Mwongozaji aliona haya, akaomba radhi, akatubadilishia chakula kwa fedha yake mwenyewe. Lakini huduma inayojaziwa fomu haipaswi kumwachia mteja kazi ya kuhoji wapishi. Kwa msomaji ambaye ana miiko kama yetu, jambo la kujua ni kwamba mafuta ya nguruwe katika jikoni za Meksiko hayakai kwenye nyama peke yake: yamo katika maharage yaliyopondwa, katika tamales, yaani unga wa mahindi uliofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke, katika baadhi ya mikate, na mara nyingi katika mole, mchuzi wao mzito wa pilipili na viungo. Neno la kuuliza ni manteca, na liulizwe kabla sahani haijafika. Kwenye njia ya soko hilo ambako moshi umetanda na nyama huchomwa mbele yako, ng'ombe na nguruwe hulala juu ya wavu mmoja. Sisi tulimalizia siku kwa mayai, parachichi na mahindi ya kuchoma.

Lalamiko la pili ni kubwa zaidi, na linahusu usiku wa siku hiyo hiyo. Tangazo la ziara lilisema kundi halitazidi watu 12, na mchana ilikuwa hivyo kweli. Saa tatu usiku, tulipofika mahali pa kuondokea kwenda makaburi ya Santa Cruz Xoxocotlán, tulikuta basi kubwa lililokwisha kujaa wateja wa kampuni nyingine tatu, na mwongozaji wetu, ambaye uso wake ulionyesha kwamba hata yeye hakupenda, akatuongoza viti vya nyuma. Xoxocotlán ni mji ulioungana na Oaxaca, na usiku wa tarehe 31 familia hukesha kwenye makaburi yake mawili, la zamani na jipya, zikiwa zimeyafunika kwa maua na mishumaa kiasi kwamba mtu akitazama kutoka mbali huona mwanga unatoka ardhini. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini tulishushwa pamoja na watu wapatao 40, tukapewa dakika 50, na mbele yetu na nyuma yetu yalikuwapo mabasi mengine ya namna hiyo hiyo. Ndani, njia kati ya makaburi haitoshi watu wawili kupishana. Nilimwona mgeni akikanyaga ukingo wa kaburi la mtoto ili apate picha nzuri zaidi, na bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mshumaa wake akivuta mtandio kufunika uso kila taa ya simu ilipomulika.

Mama mkubwa hakuingia. Alifika langoni, akatazama, akageuka. "Mwanangu," alisema, "mimi sipiti juu ya makaburi ya watu usiku na taa mkononi kama natafuta kuku." Akaenda kukaa kwa muuza atole aliyekuwa nje ya ukuta, na atole, kwa wasioijua, ni uji wa mahindi, mwepesi, wa moto, wakati mwingine uliotiwa mdalasini, akanywa vikombe viwili na kucheka na muuzaji kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua. Nilipotoka nilimkuta ana furaha kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye basi lile. Simlaumu mwongozaji, kwani halikuwa shauri lake. Nailaumu kampuni, ambayo iliuza ukaribu na kutoa umati, na ambayo ilipaswa kujua kwamba makaburi si uwanja ambao kila mwenye tiketi ana kiti chake. Kama ningerudi, sehemu hii nisingeinunua kwa bei yoyote. Ningekodi teksi saa kumi na moja jioni, wakati familia bado zinapanga maua na kuna nafasi ya kusalimiana, kisha ningeondoka kabla ya mabasi.

Siku ya pili ilifuta sehemu kubwa ya uchungu huo. Tulikuwa 11 katika kosta, na tulikwenda Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki, watu wa asili wa jimbo hili, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, kinachojulikana kwa mazulia ya sufi yanayotiwa rangi kwa mimea na kwa wadudu wadogo wekundu wanaokaa juu ya dungusi kakati. Siku nyingine yoyote wageni hupelekwa huko kuuziwa mazulia. Siku hiyo hakuna aliyetutajia zulia. Tulikaribishwa katika nyumba ya wafumaji, na kwanza tukavuliwa vikapu vyetu: mama mwenye nyumba alipokea maua, mishumaa, mkate na chokoleti, akavipeleka moja kwa moja kwenye ofrenda, meza ya marehemu, iliyokuwa imeegemezwa ukutani chini ya upinde wa miwa. Juu yake zilikuwapo picha za watu wa vizazi vitatu, glasi za maji kwa kuwa wasafiri hufika na kiu, chumvi, matunda, na vitu ambavyo kila mmoja alivipenda alipokuwa hai, pamoja na pakiti ya sigara na chupa ya soda yenye vumbi la petali. Copal aliyoinunua mama mkubwa ndiyo iliyofukizwa. Nilimwona anavyoutazama ule moshi.

Baada ya chokoleti, mama mwenye nyumba alimwuliza mwongozaji jambo kwa Kihispania, naye akatufasiria: kama kuna mgeni mwenye marehemu wake angependa kumwalika, picha yake inaweza kuwekwa mezani. Wawili katika kundi letu walitoa simu zao. Mama mkubwa alikuwa na picha ya baba mkubwa kwenye pochi, ile ya pasipoti, na niliona mkono ukienda na kurudi. Mwishowe aliniambia, "Mwambie nimeshukuru sana, ila sisi hatuweki picha. Mimi nitamwombea dua." Nilihofu kwamba jibu hilo litapokelewa vibaya. Mwenyeji wetu alisikiliza tafsiri hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali, akavuta kiti chake mwenyewe akakiweka pembeni ya meza, si mbele yake, na kumwashiria akae. Akauliza marehemu aliitwa nani. Mama mkubwa alikaa, akafungua viganja, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, na chumba kizima, pamoja na watoto wa nyumba ile, kilinyamaza mpaka alipojipangusa uso. Mwongozaji aliwazuia kwa jicho wawili waliokuwa wameinua simu. Nimewahi kulipia huduma nyingi za utalii, na sikumbuki nyingine ambayo mtu alifahamu wakati wa kuzuia kwa usahihi kama ule.

Hapo ndipo swali lake la Houston lilipojibiwa. Chakula cha mezani, tulielezwa, marehemu huchukua harufu na ladha. Kinachobaki, siku zao zikiisha, huliwa na walio hai na hupelekwa kwa majirani, ndugu na maswahiba wa familia, nao huleta cha kwao, hivyo kwamba kwa siku kadhaa mkate na mole huzunguka kijiji kizima kutoka nyumba hadi nyumba. "Basi hii ni hitima," mama mkubwa aliniambia, "tofauti ni kwamba wao wamemwalika na mwenyewe." Mole yenyewe ilikuwa ile nyeusi, ambayo pilipili zake huchomwa karibu kuungua na kusagwa pamoja na ufuta, lozi, viungo na chokoleti kidogo, na safari hii mwongozaji alikuwa amepiga simu asubuhi. Yetu ilipikwa katika sufuria ya pembeni kwa mafuta ya mbegu, na kuku alitoka uani. Kama kuna kitu kimoja katika ziara nzima ambacho ningelipia mara mbili, ni saa zile nne.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkubwa aliuliza kama Meksiko kuna watu wa rangi yetu, na mwongozaji, ambaye angeweza kujibu kwa neno moja, alizungumza hadi tulipoingia mjini. Katika pwani ya Costa Chica, inayogawanywa na majimbo ya Oaxaca na Guerrero, kuna miji na vijiji vya wazao wa Waafrika walioletwa utumwani na Wahispania. Katiba ya Meksiko iliwatambua rasmi mwaka 2019 tu, na katika sensa ya mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 2.5 nchini kote walijitambulisha hivyo. Vicente Guerrero, rais aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829 na ambaye jimbo la Guerrero limepewa jina lake, alikuwa na damu ya Kiafrika. Na Siku ya Wafu ina sura yake huko: ngoma ya mashetani, ambamo wanaume huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wakiruka na kukanyaga chini kwa vishindo huku ala zikiwa kinanda cha mdomo, taya la punda linalokwaruzwa meno, na ngoma ya kibuyu inayosuguliwa kwa kijiti hadi inguruma kama mnyama. Kampuni haiuzi ziara ya huko, na kwa umbali uliopo wa milima na kona siwalaumu. Lakini msomaji mwenye wiki nzima na gari aangalie ramani kuelekea Cuajinicuilapa, ambako kuna hata jumba la makumbusho la historia hiyo.

Usiku wa siku ya pili ulikuwa wa San Agustín Etla, na huko umati ndio sherehe yenyewe, kwa hiyo ukubwa wa basi haukuniudhi. Wanachofanya wanakiita muerteada: wanaume wamevaa suti zilizoshonewa njuga na vioo toka mabegani hadi miguuni, nzito kiasi cha kuwatoa jasho wakiwa wamesimama, na wanatembea mitaani usiku kucha nyuma ya bendi ya matarumbeta, wakisimama mara kwa mara kuigiza kichekesho cha marehemu, mjane, daktari na shetani. Mtu aliyewahi kufuata mdundiko akapotea mitaa minne kutoka kwao hahitaji maelezo zaidi. Wao huendelea hadi alfajiri, sisi tuliondoka saa saba usiku, na upande huo sina neno.

Asubuhi ya tarehe 2 tulipelekwa Panteón General, makaburi ya zamani ya mjini, na ingawa hapakuwa na ubaya wowote, kwa haki ya msomaji niseme kwamba hii ni sehemu ambayo mtu anaweza kuitembea mwenyewe kwa miguu, bila malipo, akazunguka chini ya matao yenye vizimba vya marehemu na kutoka nje kununua matunda kwenye magenge ya sikukuu. Kampuni imeiweka ili siku ya tatu isiwe tupu.

Katika vipeperushi vyao wana pia ziara za sikukuu nyingine za mwaka, na nilimwuliza mwongozaji zipi angemwuzia mama yake. Guelaguetza, ngoma za mikoa yote ya jimbo zinazochezwa mlimani Cerro del Fortín Jumatatu mbili za mwezi Julai, alisema ni kweli mtu anahitaji msaada wa kupata viti. Usiku wa Figili, tarehe 23 Desemba, hauhitaji mwongozaji: tangu mwaka 1897 wakulima wamekuwa wakichonga figili kubwa kuwa watu, makanisa na wanyama na kuzipanga katika uwanja mkuu wa mji kwa saa chache kabla hazijanyauka, na anayetaka kuona hupanga foleni tu. Posadas, kati ya tarehe 16 na 24 Desemba, ambapo majirani huimba mlangoni wakiigiza Yusufu na Mariamu wanaotafuta pa kulala, kisha watoto hupasua piñata, kile chombo cha kutundikwa kilichojazwa peremende, zinafanyika majumbani, kwa hiyo huko mwenyeji wa kukuingiza ana thamani. Tano Mei hawaiuzi kabisa, na kwa hilo nawapongeza, maana sikukuu hiyo, ya ushindi dhidi ya jeshi la Wafaransa mwaka 1862, husherehekewa kwa uzito mjini Puebla na kwa kelele zaidi huko Marekani ninakoishi kuliko Meksiko kwenyewe.

Mambo machache ya vitendo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, hivyo usiku wa Novemba unahitaji sweta ingawa mchana ni wa jua kali. Vyumba katika wiki hiyo huisha mapema na hupanda bei. Sisi tulilala katika nyumba ya wageni upande wa Jalatlaco, mtaa wa mawe na kuta za rangi, ambako kwenye baadhi ya kuta kuna maandishi ya wenyeji wanaolalamikia kodi za nyumba kupanda kwa sababu ya wageni kama sisi. Sokoni na kwenye teksi beba fedha taslimu. Mimi niliingia kwa kadi ya ukaazi wa Marekani, na mama mkubwa kwa viza yake ya Marekani iliyokuwa bado hai, bila kuhitaji viza ya Meksiko. Anayesafiri moja kwa moja kutoka nyumbani aanzie ubalozini.

Kwa nyota, natoa tatu na nusu kati ya tano: tano kwa soko, Teotitlán na mwongozaji, moja kwa basi la Xoxocotlán, na nyingine zimepotea ndani ya tlayuda. Niliwaandikia haya yote tuliporudi. Walinijibu baada ya siku nne, kwa adabu, wakisema kwamba wameongeza kwenye fomu swali kuhusu mafuta ya kupikia, na wakaniomba niwaeleze nini kingine mteja Mwislamu angependa kuulizwa. Niliwaandikia orodha fupi, na mama mkubwa akaongeza mwishoni salamu kwa mwenye nyumba wa Teotitlán, ambazo wanasema zimefikishwa. Kuhusu basi hawakusema neno.